Vikinga vya Mtu Mrefu

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kriketi. Msinicheke. Najua nyinyi ni watu wa kandanda, na kriketi ikitokea kwenye televisheni mnabadilisha chaneli. Nisikilizeni tu.

Nchi yake ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza mchezo huo. Timu ya taifa ya wanawake ilikuwa inakwenda mashindano yake ya kwanza. Nafasi zilikuwa kumi na nne, na waliokuja kujaribiwa walikuwa ishirini na wawili. Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Hakuangalia undugu, wala simu ya mheshimiwa haikumtikisa. Alikuwa na daftari, na kila alichokiona uwanjani alikiandika.

Vifaa vilikuwa haba. Mpira wa kriketi ni mgumu, kwa hiyo mpigaji hufunga vikinga miguuni, toka kifundoni hadi juu ya goti. Jozi zilikuwa nne tu, wakawa wanapokezana. Ilipofika zamu ya binti mmoja mfupi, aliyetoka mkoa wa mbali, vilivyobaki ni vile vilivyoachwa na timu ya wanaume, vya mtu mrefu kama mlango. Akavifunga.

Binti alipiga mpira vizuri. Lakini ukishapiga lazima ukimbie hadi mstari wa pili, na mpira ukikutangulia kugonga vijiti vilivyosimikwa hapo, umetoka. Alitoka kwa kuchelewa hatua moja. Akapewa nafasi nyingine, akatoka kwa hatua moja tena. Mwalimu akaandika: "Anapiga vizuri. Miguu mizito."

Jioni akatuma majina kumi na manne kwa chama cha kriketi, kisha akawasomea wachezaji. La binti halikuwamo. Hakulia. Alifungua vikinga, akavirudisha kwenye begi, akaanza kuwasaidia wenzake kuokota mipira. Mmoja ulikuwa unabingirika kuelekea mtaroni. Akaukimbilia, akaukamata kabla haujatumbukia. Siku ile nzima Mwalimu hakuwa ameona mtu akikimbia vile.

"Binti," akamwita, "miguu hiyo uliificha wapi mchana kutwa?"

"Sikuificha, Mwalimu. Vile vikinga vilikuwa vinanifika mapajani, magoti hayakunjiki."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Binti alisita, maana hakupenda kumwaibisha mtu mzima. "Nilisema, Mwalimu. Asubuhi nilikuomba nimsubiri dada aliyekuwa uwanjani atoke, nifunge vyake. Ukaniambia mchagua jembe si mkulima."

Mwalimu akafungua daftari, akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Mambo ya kila mtu yalikuwamo, hata aliyepiga chafya. Ombi la binti halikuwamo. Aliona aibu, na aibu ile ilimstahili.

Mnataka niwaambie kwamba alimrudisha? Alikipigia simu chama, akaambiwa orodha imekwisha kupitishwa. Timu ikasafiri, binti akarudi kwao.

Ndugu zangu, mwalimu yule alikosa wapi? Hakula rushwa. Hakupendelea. Alichoandika ndicho alichokiona kwa macho yake. Na bado alimdhulumu mtoto wa watu, tena kwa mwandiko mzuri.

Sisi je? Msichana wa kazi tunamlaza saa sita usiku na kumwamsha saa kumi, halafu tunawaambia wageni kwamba ni mvivu. Mtoto tunampeleka shule hajatia kitu tumboni, akiwa wa mwisho darasani tunamwita mzito. Na hapa hapa kanisani, mama mmoja aliomba zamu yake ya usafi ihamishiwe Jumamosi mchana kwa sababu ana mgonjwa nyumbani. Tukamjibu kwamba kazi ya Bwana haina udhuru. Sasa tunasema amepoa kiimani. Mimi mwenyewe nilisema. Nimetubu, na bado naona haya kumtazama.

Mungu naye anatupima, lakini yeye anakumbuka alichompa kila mmoja. Sisi tunakumbuka tulichokikosa kwa mwenzetu tu.

Basi mkitoka hapa msiende kuulizana nani mzembe nyumbani kwenu. Kila mmoja akae chini ajiulize: ni nani aliniomba kitu kidogo, nami nikamnyamazisha kwa methali? Ukishamkumbuka, usiningoje nimalize sala. Nenda kwake.