Bi Zuwena na Birika la Nusu Shaaban

Wamepokezana wakubwa zetu, Mwenyezi Mungu awarehemu walio chini ya udongo na awape afya walio juu yake, ya kwamba katika mji mmoja wa mwambao aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Bi Zuwena binti Mselem. Mume alikwisha tangulia mbele ya haki, mtoto hakujaaliwa, na jamaa zake walikuwa wale wa kuonekana kwenye mirathi tu. Lakini Mola hamnyimi mja wake kila kitu. Yeye alimpa ulimi.

Si ulimi wa kusengenya. Huo walikuwa nao wengine, na ziada. Alipewa ulimi wa kuonja. Ukimpa kikombe cha chai ya viungo hufumba macho, akanywa funda moja, akakwambia: iliki hii ni ya mwaka jana, mdalasini umeutia maji hayajachemka, na tangawizi uliiponda jana ukailaza. Na kweli uliilaza, ukabaki unatazama chini.

Mtaani kwao palikuwa na ada. Mchana wa kuelekea usiku wa nusu Shaaban wanawake walifunga funga ya sunna. Ikipita alasiri kila mmoja alipika chai yake nyumbani, akaitia sukari, akaileta uwani kwa Bi Zuwena. Kwa kuwa wamefunga, hapana aliyeonja alichokipika. Walipika kwa macho, kwa pua, na kwa kumtegemea Mungu. Adhana ya magharibi ikilia walifungua kwa tende na maji, wakasali, kisha Bi Zuwena akaonja birika moja baada ya jingine mbele ya wote. Atakalolichagua ndilo lililopelekwa msikitini, wanaume wamalizapo kusoma Yasini mara tatu, likawekwa mbele ya Imamu na wageni. Yaliyobaki yalinywewa hapo hapo uwani. Na mwanamke ambaye birika lake limekwenda msikitini alitembea mwaka mzima kanyoosha shingo.

Basi mwaka mmoja, katika mwezi wa Rajabu, Bi Zuwena akashikwa na homa. Homa ile ilimlaza, ikamkausha, na ilipoondoka iliondoka na kitu kisicho chake. Siku aliyoinuka alijitilia chai, akanywa, akaona maji ya moto. Akaongeza iliki. Maji ya moto. Akatafuna karafuu nzima, ikamchoma ulimi, asijue ni karafuu au ni kipande cha mkaa. Akanusa ubani, akanusa kitunguu, akanusa na kiatu chake. Vyote kimoja.

Alikaa kitandani, mikono mapajani, akawaza. Wanaokuja kwake asubuhi na jioni na vikombe vyao wanafuata nini? Sura yake? Sura yenyewe hata yeye hakuitazama tena. Wanafuata ulimi. Wakijua ulimi umekufa, nani atakumbuka kwamba nyuma ya mlango ule mna mtu? Akanyamaza. Akajiambia utarudi kabla ya Shaaban, inshallah. Shaaban ikaingia, nao haukurudi.

Siku ikafika. Uwani pakatandikwa mikeka, watu wakafungua, wakasali, na kila mwanamke akasimama nyuma ya birika lake. Mbele kabisa alikuwa Bi Raya, mwanamke wa makamo, mwenye maneno ya moto, ambaye miaka yote alileta chai na miaka yote haikuchaguliwa. Mwishoni, karibu na banda la kuku, alisimama Mwanakheri. Huyu alikuwa kijana aliyeachwa na mumewe mwaka ule ule akarudi kwa mamake, na mtaa ulikwisha toa sababu bila kuulizwa: eti hajui jiko, hata maji anayaunguza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuleta chai.

"Na wewe umo, Mwanakheri?" akasema Bi Raya. "Ama kweli leo tutafungulia mengi."

"Raya," akasema Bi Zuwena, "mdomo umeufunga mchana kutwa. Ungeuongezea saa moja tu."

Wanawake wakacheka. Bi Zuwena naye akatabasamu.

Akaanza na birika la Bi Raya. Akafumba macho kama ada yake, akanywa. Maji ya moto. Kisha chini kabisa kooni kitu kikamkwaruza. Hicho tu ndicho alichobakishiwa, muwasho.

"Pilipili manga hukuionea huruma, Raya."

"Yaani haimpiti kitu huyu bibi!" wakanong'ona. Bi Raya akanuna, maana ni kweli.

Uongo ukishapata ngazi ya kwanza hupanda wenyewe. Aliyefuata alimjua kwa kupenda iliki, akamwambia iliki. Wa tatu alimjua kwa ubahili, akamwambia viungo vimepungua. Akipita mbele ya kila birika alitazama rangi ya chai, akatazama uso wa mpishi, akatunga neno, na kila neno likapokelewa kama hukumu ya kadhi. Hata akafika kwa Mwanakheri.

Chai yake ilikuwa nzuri kwa macho, nyekundu ya kung'aa. Bi Zuwena akanywa, hakuona kitu, akainua macho, akamwona yule binti kashika pumzi kama mtu anayengoja habari ya mgonjwa.

Hapo ndipo shetani alipomjia. Wala hakuja na mapembe, enyi waumini. Angekuja na mapembe angefukuzwa. Alikuja na kanzu nyeupe na sauti ya upole, akamwambia: mchague huyu. Kaachwa, kasemwa, kadharauliwa. Mfute machozi. Huo si uongo, hiyo ni sadaka.

"La msikitini," akasema Bi Zuwena, "ni hili la Mwanakheri."

Uwani pakavuma. Na ilikuwa ada aliyechaguliwa apewe kikombe cha kwanza kwa mkono wa mwonjaji mwenyewe. Mwanakheri akakipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akanywa. Macho yakamtoka. Hakutema. Alimeza kwa taabu, kisha akamwinamia Bi Zuwena kama anayembusu mkono, akanong'ona:

"Bibi, umenisitiri, Mungu akusitiri kesho Akhera. Lakini lisende msikitini. Nimetia chumvi badala ya sukari. Niachie nilibebe mwenyewe, nijikwae nalo kizingitini limwagike. Hapana atakayejua."

Bi Zuwena akaelewa. Binti huyu anamshukuru kwa wema asioutenda. Anadhani kikongwe kameza chumvi makusudi ili asimwaibishe. Na ilikuwa rahisi, subhanallah, ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, "haya, mwanangu," na birika lingemwagika, siri ingezama, na yeye angebaki na sifa ya ulimi wake na utakatifu juu yake. Akawa bado analipima neno hilo.

"Mnanong'ona nini nyinyi?" Bi Raya kesha fika. "Nami nataka kuionja hiyo iliyonishinda!" Akajimiminia, akapiga funda kubwa, akalitema lote sakafuni. "Chumvi! Wallahi chumvi! Hii ni chai au ni maji ya pwani?"

Wakaonja wawili watatu, wakatema. Pakawa hapasikilizani.

"Lakini Bi Zuwena kaonja!"

"Bi Zuwena hakosei. Basi huyu kaitia baada ya kuonjwa."

"Kataka kutufedhehesha mbele ya Imamu! Mtu akishaichukia dunia hufanya lolote."

"Sasa mnajua kwa nini karudishwa kwao."

"Sema, Mwanakheri," akasema Bi Raya. "Umeitia saa ngapi?"

Mwanakheri akamtazama Bi Zuwena mara moja, kisha akatazama chini. Angeweza kusema: ilikuwamo tangu nyumbani, muulizeni aliyeionja. Maneno hayo yalikuwa mepesi na yalikuwa kweli. Lakini aliamini mama huyu mzima amemfunika aibu yake, naye hakuwa tayari kumvua yeye mbele za watu. Akasema neno moja:

"Nisameheni."

Bi Zuwena akalisikia neno lile likimpita kifuani. Akashika nguzo, akainuka.

"Nyamazeni," akasema. "Chumvi ilikuwamo tangu mwanzo. Kaitia jikoni kwake kwa kughafilika, naye kafunga, hakuonja, kama nyinyi nyote hamkuonja. Mimi nimeonja. Nami sikujua."

"Hukujua vipi, Bibi?"

"Sina ladha, Raya. Homa ya Rajabu imeichukua. Tangu hapo kila nikinywacho ni maji ya moto. Yote niliyokwambieni leo juu ya mabirika yenu nimeyatunga, isipokuwa pilipili yako, hiyo imenikwaruza koo." Akavuta pumzi. "Na huyu sikumchagua kwa chai yake. Nilitaka nionekane ningali nafaa, nikajificha nyuma ya machozi yake. Mmemtukana, akanyamaza ili anilinde. Mimi nilipaswa kusema tangu aliponinong'oneza, nami nilikuwa bado nafikiri."

Hapana aliyejua pa kuweka macho. Bi Raya akachutama, akapangusa kwa pindo la kanga yake pale alipotema.

"Haya," akasema huku angali chini, "na msikitini tunapeleka nini? Sikilizeni, wameshaingia Yasini ya tatu."

"Ndimi mnazo," akasema Bi Zuwena. "Onjeni wenyewe."

Wakatazamana. Miaka yote hawakuwahi kuhukumiana chai. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Wakaanza kwa haya, kisha haya ikawatoka.

"Hii karafuu yote ya nini, shoga? Ulikuwa unaumwa jino?"

"Na wewe kungumanga hii! Imamu atasinzia kabla ya isha."

"Huu ni mchaichai mtupu. Majani ya chai uliyaonyesha maji kwa mbali?"

Walicheka, wakabadilishana vikombe, wakarudia, wakabishana, mpaka wakafika kwa birika la Bi Raya. Mmoja akaomba tena. Mwingine akasema polepole, "Mbona hii nzuri?"

"Mbona, mbona nini?" akaruka Bi Raya.

Ilikuwa nzuri. Tangawizi ilitangulia, mdalasini ukafuata, na mwisho pilipili manga ikaja nyuma, ikapasha kifua chote. Na Bi Zuwena, aliyekaa mkekani akiwasikiliza, akafahamu jambo lililomwinamisha kichwa: yeye maisha yake yote hakupenda pilipili manga. Miaka yote watu walidhani ni haki, kumbe pengine ilikuwa ni mapenzi yake tu. Akasema kimoyomoyo, astaghfirullah.

Wakakubaliana ni la Raya. Naye Raya, ambaye alikuwa akiingojea siku hiyo tangu ujana wake, hakunyoosha shingo. Alilishika birika akaita, "Mwanakheri! Njoo ushike upande huu, zito. Na uangalie usijikwae." Wakatoka nalo wawili, na wanawake wengine wakafuata nyuma hadi mlango wa msikiti.

Bi Zuwena akabaki peke yake na vikombe vichafu na birika la chumvi. Hakulia. Alijiambia: basi, limekwisha, umesema kweli, sasa kaa nayo. Akaanza kukusanya vikombe. Mara akasikia nyayo, akamwona Mwanakheri mlangoni.

"Umerudi kufanya nini?" akamuuliza. "Nenda kwenu."

"Birika langu liko hapa, Bibi." Mwanakheri akalichukua, akaelekea kwenye karo alimwage.

"We! Usimwage. Mna viungo vya watu humo. Nitilie kikombe. Kwangu mimi nzuri na mbaya zote moja."

Binti akamtilia. Kisha akajitilia na yeye, akaketi ubavuni pake, bega kwa bega. Wakanywa.

"Ikoje?" akauliza Bi Zuwena.

"Mbaya, Bibi."

"Mbaya vipi?"

"Mbaya sana."

Bi Zuwena akacheka, na hakuwa amecheka hivyo tangu Rajabu. "Basi nielezee ubaya wake. Polepole. Usiruke kitu."

Mwanakheri akapiga funda jingine, akafumba macho. "Kwanza unakuja mdalasini. Mtamu, kama mti uliorowa mvua. Halafu iliki, hiyo nimeiponda na maganda yake. Halafu tangawizi, inapanda puani. Hapo unaanza kufurahi, unangoja sukari..." Akakunja uso. "Haiji. Inakuja chumvi, Bibi, inakaa katikati ya ulimi na haitaki kutoka."

Bi Zuwena aliyashika mdomoni maji yale ya moto, macho kayafumba naye, akimfuata neno kwa neno. Akameza.

"Maganda ya iliki ungeyatoa," akasema.

"Naam, Bibi."

"Nitilie tena."

Wanasema ladha haikumrudia mpaka siku alipofikwa na mauti, naye hakuonekana kuililia. Enyi waumini, kumsitiri mwenzio ni ibada, na Mwanakheri aliifanya akiwa na njaa ya siku nzima na matusi ya mtaa mzima. Kujisitiri nyuma ya mwenzio ni jambo jingine, hata ukilivalisha kanzu. Isemeni kweli mapema, kabla mtu hajawaombea msamaha kwa kosa lenu. Mola atujaalie ndimi za kweli. Za ladha, akipenda.