Kufuli la Tusekile

Mwenye mkono ndani ndiye mwenye ufunguo. Mmeisikia asubuhi hii Subilaga huyu alipokataa kumpa msimamizi ufunguo wa kufuli lake, na sasa mnaniuliza nani aliisema kwanza. Kaeni kwenye hizo mbao, msasa utatungoja. Ilianzia hapa hapa Mafinga, ndani ya karakana hii, wakati mimi bado ni kibarua wa kupaka vanishi.

Siku zile tulikuwa na desturi. Mtu akiingiza mkono kwenye mashine alipaza sauti, "Nimo!" Aliye karibu na swichi akaitikia, "Umo!" Basi, hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu. Mashine ya randa ikinguruma, "Nimo" ya mtu ilimezwa. Mgimwa alipoteza vidole kwa namna hiyo, nasi tukaiita bahati mbaya.

Ndipo Mzee Kihwele, mwenye karakana, akanunua mashine ya kuchonga kwa kompyuta. Meza yake ina vitundu, na pampu hunyonya hewa kwa chini ili ubao ung'ang'anie bila skrubu. Kuunganisha mota ya pampu akampa Tusekile, fundi umeme aliyesoma madarasa ya jioni. Alikuwa na mtoto mchanga, Lusajo, na siku hiyo nilimbeba mimi mgongoni.

Tusekile hakuita "Nimo." Alishusha swichi, akatia kufuli la tranka kwenye kishikio, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge.

"Dada fundi, unaogopa tutaiba umeme?" Mgimwa akamtania.

"Umeme ibeni. Mimi msiniibe."

Teste yake ya kupimia umeme aliijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, ajue kama haimdanganyi, kisha akaigusisha kwenye nyaya za mota. Zilikuwa kimya. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, aliukaza kwenye mwili wa mota kabla ya nyingine zote. "Huu hukaa bure miaka yote," aliniambia, "ukiingoja siku moja tu, ya umeme kuvuja."

Alipomaliza, mteja mkubwa alikuwa ameshafika: Mama Sanga, aliyetaka milango ya zahanati yake. Tusekile akafungua kufuli, akawasha. Pampu ikanguruma, lakini badala ya kunyonya ikapuliza! Vumbi lote la mbao likatoka vitunduni likatua kwenye kilemba cha Mama Sanga. Watu wakacheka. Mzee Kihwele hakucheka.

"Mota inazunguka kinyume," Tusekile akasema. "Nabadilisha nafasi za nyaya mbili tu." Akazima, akatia kufuli tena.

"Nyaya mbili tu, kufuli tena la nini?" Mzee akafoka. "Lete ufunguo! Nitasimama mwenyewe hapa kwenye swichi."

"Simama, mzee wangu. Ufunguo nabaki nao."

"Huniamini? Ndani ya karakana yangu?"

"Nakuamini. Ila wewe ni mtu, na mtu husahau."

"Basi ukimaliza hizo nyaya, kesho usije!"

Nilihisi pumzi za Lusajo shingoni mwangu. Kodi, maziwa, yote yalipita kichwani. Nilitaka kumwambia, mwenzangu, mpe tu. Tusekile akamtazama mwanawe, kisha akamtazama mzee.

"Kazi nitatafuta nyingine. Mkono wa kumpakata huyu sina mwingine."

Akaingiza vidole kwenye kisanduku cha mota. Mzee akasimama kwenye swichi, mikono kifuani, amevimba.

Mama Sanga alichoka kujipangusa. "Kihwele, hiyo pampu itawaka, au niende kwa mafundi wengine?"

"Inawaka sasa hivi, mama!"

Akageuka, akakishika kishikio, akakisukuma juu kwa nguvu zake zote.

Kah! Kufuli likagoma.

Vidole vya Tusekile vilikuwa bado vimo ndani. Hakupiga kelele, wala hakuvitoa. Alisema polepole, kila mtu akasikia:

"Mwenye mkono ndani ndiye mwenye ufunguo."

Mzee Kihwele alikiangalia kiganja chake kama cha mtu baki. Kisha akaketi sakafuni, kwenye maranda.

Tusekile akakaza skrubu ya mwisho, akafunga kisanduku, akafungua kufuli, akawasha. Ubao ukaishika meza. Mgimwa na mwenzake wakauvuta, ukakataa. Jioni, Tusekile alipokuwa akimpokea mtoto kutoka mgongoni mwangu, mzee akamfuata mlangoni.

"Kesho uje," akasema, macho chini. "Utuchagulie makufuli. Kila mtu na lake."

Tangu hapo neno hilo limetoka humu likatembea. Nimelisikia kwenye kikao cha ukoo, wajomba wakimpangia binti mume. Binti akalisema, wajomba wakamaliza chai wakaaga.

Kwa hiyo, Subilaga, msimamizi akirudi kuuomba, awe anacheka au anatisha, mwache asimame. Wala usiombe radhi. Mwenye mkono ndani ndiye mwenye ufunguo.