Asiyepo Haitiki "Sipo"

Asiyepo haitiki "sipo". Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye kikao cha ukoo, babu yenu Kombo alipoyasema huku akitafuta viatu vyake mlangoni, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha wa uzee. Sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Yametoka baharini, katika safari ya siku moja, na waliokuwamo nimewauliza mwenyewe.

Mwanashaha wa hapa Mtondooni alikuwa ameolewa na kijana wa Kondoa. Baada ya harusi baadhi ya ndugu wa mume walibaki siku chache, na wenyeji wakaona si heshima wageni warudi bara bila kuonyeshwa bahari. Wakaamua kuwapeleka kisiwani Mtengani. Kisiwa kile hakina watu. Kina mivinje katikati, mchanga mweupe pande zote, na matumbawe yaliyo karibu kiasi kwamba mtu huyafikia kwa miguu maji yakitoka. Nyuma ya kisiwa kuna fungu la mchanga. Maji yakitoka, fungu huungana na kisiwa. Yakijaa, hutengana nacho, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hufunikwa lote.

Miongoni mwa wageni alikuwamo Zamda, dada wa bwana harusi, pamoja na mumewe, Athumani. Zamda hakuwa ameiona bahari hata mara moja maishani mwake. Hakujua kuogelea.

Mashua ilikuwa ya Nahodha Khatibu, ya tanga, haina mashine. Asubuhi upepo ulitoka bara, mwepesi, wa ubavuni. Nahodha alitundika turubai katikati ya chombo, likashuka kama pazia, ili watu wapate kivuli: wanawake mbele yake, wanaume nyuma kwenye usukani. Kabla ya kuondoka aliuliza kwa sauti, kama walivyouliza manahodha wote wa hapa, "Tupo sote?"

"Tupo!" wakaitika kwa pamoja.

Athumani alishangaa. "Nahodha, huwahesabu watu wako? Kwetu hata mbuzi huhesabiwa wakirudi zizini."

Bi Mkasi, shangazi wa bibi harusi, alijibu kutoka upande wa pili wa turubai. "Ndiyo maana wakaitwa mbuzi, shemeji! Binadamu hahesabiwi. Ukimhesabu unamwitia jicho."

Watu wakacheka, na Athumani naye akacheka, kwa kuwa mgeni hacheleweshi safari kwa hoja. Msiidharau desturi ile. Watu wa hapa walikuwa wamezika watoto wengi, na hawakupenda kumtajia mtu yeyote idadi ya waliobaki. "Tupo sote" lilikuwa swali la watu waliotaka kujua bila kuhesabu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na siku nyingi ilikuwa haijajitokeza.

Walipofika, maji yalikuwa yametoka. Mwanashaha alimpa wifi yake miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akamwonyesha namna ya kuulaza uso majini huku miguu ikiwa chini. Mara ya kwanza Zamda alikunywa maji, akakohoa, akaapa kuwa hataki tena. Mara ya pili alikaa na uso ndani muda mrefu mpaka Mwanashaha akamgusa bega kwa wasiwasi.

Zamda aliinuka, akavua miwani. "Wifi," alisema, "kumbe nyinyi mnaishi juu ya mji wa watu!"

Kuanzia hapo hakutoka. Aliwaona samaki waitwao pono wakitafuna matumbawe, akasema anasikia sauti ya meno yao, nalo ni jambo la kweli, husikika. Aliwafuata vitatange wenye mistari ya njano mpaka kule kwenye fungu. Wenzake walipoitwa kula wali wa nazi na samaki wa kuchoma, yeye alikula amesimama, akiangalia maji.

Alasiri upepo wa kusi ulianza kuvuma, na nahodha akataka watu wapande. Vyombo vilikusanywa, majiko yakazimwa kwa mchanga. Zamda alimwambia Mwanashaha, "Nakwenda kuwaaga samaki wangu, narudi sasa hivi." Mwanashaha alicheka, akaendelea kufunga sufuria.

Watu walipanda mmoja mmoja, wengine wakibebana migongoni. Nahodha akashika usukani.

"Tupo sote?"

"Tupo!"

Wanawake waliokuwa mbele hawakumwona Zamda, wakajua yuko nyuma na mumewe, kwani wageni hupenda kukaa wenyewe kwa wenyewe. Athumani hakumwona, akajua yuko mbele na wanawake, kama asubuhi. Kati yao palikuwa na turubai. Hakuna aliyesema uongo. Kila aliyeitika alikuwapo.

Tanga likajaa upepo, na mashua ikaenda mbio kuelekea nyumbani. Kisiwa kilikuwa kimebaki kama nyusi ya kijani nyuma yao Athumani alipomaliza kumenya chungwa. Alilipasua, akapitisha nusu yake chini ya turubai.

"Mpeni Zamda, atulize chumvi mdomoni."

Mkono wa mtu ulilipokea, kisha ukalirudisha.

"Mpe mwenyewe," Bi Mkasi alisema. "Si yuko huko kwako?"

"Huku? Huku tuko wanaume watupu."

"Shemeji, acha utani."

"Mama, mimi sitanii."

Mtu alilivuta turubai, kamba ikakatika. Pande mbili zikatazamana. Athumani alikuwa bado ameshika nusu ya chungwa, na maji yake yalimtiririka mpaka kiwikoni.

Mwanashaha ndiye aliyesema. "Alikwenda fungu. Aliniambia anakwenda kuwaaga samaki."

Nahodha hakuuliza la pili. Alikigeuza chombo. Lakini upepo uliowaleta mbio sasa ulikuwa wa mbisho, ukiwapiga usoni. Ikabidi waende kwa kukata upande huu, kisha upande ule, na kila walipogeuza tanga kisiwa kilionekana kama hakijasogea. Maji yalikuwa yanajaa, na siku zile zilikuwa za bamvua. Kila mwenyeji wa mle chomboni alijua fungu linavyokuwa saa zile, na wote waliliepuka jicho la Athumani.

Wengine husimulia kwamba walimkuta maji yamemfika kidevuni. Si kweli. Yalikuwa kifuani. Zamda alikuwa amesimama mahali pa juu kabisa pa fungu, miguu ameitanua, miwani ameivaa kichwani. Kati yake na kisiwa palikuwa na mkondo wenye kina kilichokwisha kupita kimo chake. Alikuwa ameona, kwa kuulaza uso ndani ya maji na kuutazama mchanga, ni wapi pameinuka, akapasogelea hatua kwa hatua. Kilichomweka hai ni kile kile kilichomchelewesha.

Walimpandisha. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Athumani alimvika shuka. Bi Mkasi alikuwa na la kusema, nalo lilikuwa baya, kama maneno ya mtu mwenye hofu yanavyokuwa.

"Wewe mtoto, mbona hukuitika? Nahodha ameuliza, 'Tupo sote?' Kila mtu amesikia!"

Zamda alimtazama. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi.

"Mlitaka niitike nini, mama?" aliuliza. "'Sipo'?"

Nahodha Khatibu aliinamisha kichwa juu ya usukani. Kisha, kabla ya kulifungua tanga, alisema, "Athumani," akangoja. Athumani alipoelewa, akajibu, "Nipo." Nahodha akasema, "Mwanashaha." "Nipo." Akaendelea hivyo mpaka Bi Mkasi, naye akaitika kwa sauti ndogo. Wa mwisho alimwita Zamda. Watu hawakuhesabiwa, na desturi haikuvunjwa. Waliitwa tu kwa majina. Mpaka leo mashua za hapa huondoka hivyo.

Basi rudini kwenye kikao cha leo. Mwenyekiti aliuliza kama tumekubaliana mtoto wetu Tumu akimaliza shule aende Tanga akakae kwa mjomba wake. Mkajibu kwa pamoja, "Tumekubaliana!" na sauti zikajaa nyumba. Niambieni, Tumu alikuwa wapi?

Naam. Jikoni, akiwachemshia chai.

Babu Kombo hakuwa anatania. Nendeni mkamwite kwa jina lake, mumuulize, mngoje ajibu. Asiyepo haitiki "sipo".