Nyati, Mgeni Rasmi wa Bustani ya Pimbi

— Enyi mliosogea jikoni, mpo?
— Tupo, tena tumebanana!
— Nilete ya kweli au ya uongo?
— Lete ya uongo, ya kweli tunayo nyumbani!

Haya. Hapo kale, juu mlimani kwenye baridi, aliishi Bi Pimbi na mumewe na wanawe. Bi Pimbi alikuwa mfupi, kabichi likistawi linamficha. Familia ilikuwa na bustani. Kila kipupwe waliifunga, wakatunza miche kitaluni. Vuli ikianza kunyesha, waliifungua, na mlima mzima ukaja kula.

Mwaka huo kipupwe kilikuja na hasira. Upepo ukavuma, vuuu! Ukaangusha ua wa mabua. Wakausimamisha. Vuuu! Ukauangusha tena.

"Mama watoto," akasema mume, meno yakigongana ka-ka-ka, "sakitu, huu umande wa barafu, ikishuka na ua hakuna, miche yote itaungua. Bila miche hakuna bustani. Itabidi tuhame."

"Nihamie wapi na vijiguu hivi?"

Hajafunga mdomo, ardhi ikatetema: gudu, gudu, gudu! Nyati huyo.

"Weye Pimbi! Nasikia una miche laini."

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Nianze kula upande upi?"

Bi Pimbi akageukia kitalu. Akaitazama miche, myembamba kama sharubu. Akamtazama Nyati. Lo, mbavu zile! Ukuta mtupu! Akatabasamu.

"Baba watoto, si huyu tuliyekuwa tukimtafuta? Bwana Nyati, tunakuomba uwe mgeni rasmi siku ya kufungua bustani."

Nyati akasahau njaa kidogo. "Mgeni rasmi? Mimi?"

"Nani mwingine? Utepe utakata kwa pembe. Hotuba utatoa wewe. Kiti cha mbele, chako."

"Na kula?"

"Yoo! Mgeni rasmi ale kabla ya shughuli? Watu watasemaje?"

Nyati akameza mate, gudubu. "Hapana, hapana. Heshima kwanza. Kiti kiko wapi?"

"Pale," akasema Bi Pimbi, akionyesha pengo la ua. "Anza kukizoea."

Nyati akakaa. Upepo ukaja, vuuu! Ukamgonga mbavuni, ukarudi ulikotoka. Akaanza mazoezi: "Ndugu wananchiii!" Pumzi yake ya moto, hooo, ikatanda juu ya miche. Sakitu ikashuka mlima mzima, kitalu ikakiruka. Kila asubuhi Bi Pimbi alimletea nyasi kavu.

"Mbona kavu?"

"Zinalainisha sauti."

Baridi ilipozidi, alimtandika majani mgongoni, akamkuna na nyuma ya sikio. Alishaanza kumpenda, yule mzee.

Vuli ikanyesha. Kabichi, tele! Karoti, tele! Wanyama wakajaa. Nyati akakata utepe, kachu! Akahutubia mpaka kobe wakasinzia. Halafu akageukia kabichi, macho yakimtoka.

Bi Pimbi akaruka juu ya jiwe. "Ndugu zangu! Mgeni wetu rasmi, kama mjuavyo, ana majukumu mengine mazito. Tumsindikize kwa makofi!"

Pa! Pa! Pa! Wote wakasimama, wakampa njia.

Nyati akaitazama kabichi, akawatazama wapiga makofi. Majukumu? Hakuwa nalo hata moja! Lakini makofi yalikuwa matamu, na mgeni rasmi gani husema hadharani kwamba hana pa kwenda?

"Ni kweli," akasema. "Nasubiriwa kwingine."

Akaondoka kwa maringo, mkia juu. Kwenye kona Bi Pimbi akamfikia, anahema, anabingirisha kabichi kubwa kuliko yeye.

"Kula hapa nyuma ya mwamba, hawakuoni."

Krau, krau! "Bi Pimbi," akauliza Nyati, mdomo umejaa, "mwakani mgeni rasmi nani?"

"Nani mwingine ana mbavu hizo?"

Hadithi ndiyo hiyo. Aliyeshiba asinzie, mwenye njaa akoleze moto.

Fundisho, watoto: mkubwa msimpe kiti cha mbele, atakizoea. Nyati yule kila kipupwe anakuja mapema, wala hajaitwa. Mimi nimekuwa mgeni rasmi nchi nyingi, wananiheshimu sana. Sijui tu kwa nini kote huniketisha penye upepo.