Aliyekula Njia ya Vuvuma

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na njia!

Ikawaje?

Ikaliwa!

Na nani?

Aa, hapo ndipo penye kesi, jamaa zangu. Sogeeni karibu. Na wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, usinizibie upepo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuozeshana mabinti, palikuwa na kijiji kando ya mto Vuvuma. Kijiji kile kilikuwa na njia moja tu. Mto huku, mwamba wa mlima huku, njia ikapita katikati, ikapanda mpaka vijiji vya juu. Harusi zilipita hapo, wagonjwa walipita hapo, chumvi ilipita hapo. Nyingine haikuwapo.

Katika kijiji hicho aliishi Nungunungu mmoja, mjane, aliyeitwa Mama Mwamvua kwa jina la bintiye wa pekee. Alikuwa mchapakazi, msafi, na mgeni akifika kwake hakulala njaa. Ila alikuwa na maradhi yake: shaka. Ukimsalimu, ana shaka. Usipomsalimu, ndiyo kabisa! Ukimpelekea mboga aliinusa huku, akainusa kule, kisha akasema, "Leo mwenzangu ameona nini?"

Mwamvua alikuwa ameolewa vijiji vya juu. Mwaka huo akapata mimba, tena ya kwanza. Nanyi mnaijua desturi: mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Bibi ndiye anayempokea mtoto, akamkanda mzazi kwa maji ya moto, akamnywesha uji wenye pilipili manga.

Basi Mama Mwamvua akatandika kitanda. Akasaga mtama. Akarundika kuni. Binti angeshuka masika yakianza, naye angeshuka kwa njia ile ile moja.

Asubuhi moja akaenda kuitazama njia. Lahaula! Upande wa mto pamemeguka pande zima, kama tonge lililomegwa kwenye ugali.

Miiba ikamsimama. "Kuna mtu anakula njia yetu," alisema. "Na anajua kuwa mwanangu anakuja."

Akaenda mbio kwa mwenyekiti, Mzee Kongoni. Mzee huyo alipenda sana amani, na amani kwake ilikuwa kumkubalia yule mwenye kelele nyingi zaidi.

"Mwenyekiti, kikulacho ki nguoni mwako. Nipe mimi ulinzi wa njia."

"Chukua, mama, chukua."

Toka siku hiyo Mama Mwamvua akawa anakwenda na kurudi ukingoni, anaimba. Nanyi mniitikie:

Nani kala njia yetu?

Nani?

Kwa meno au kwa kucha?

Nani?

Ajitokeze nimwone!

Nani?

Na mto chini unapita, chuu, chuu, hausemi kitu.

Akatazama, akamwona Bi Kiboko anatoka kwenye matete, mdomo unatafuna.

"Ehe! Unatafuna nini?"

"Majani, Mama Mwamvua. Mimi udongo sijaula tangu nizaliwe."

"Kila mwizi husema hivyo. Na mbona unatokea matete yanapoishia, usitokee peupe?"

"Nyumba yangu iko humo. Ulitaka nitokee wapi?"

Mama Mwamvua akapiga yowe, kijiji kikaja. Bi Kiboko akahamishwa, akapelekwa kwenye kibanda cha kona ya juu, kule njia inapopanda mlima, mbali na watu. Kisha Mama Mwamvua akasema, "Matete haya ndiyo maficho. Fyekeni, tuone." Wakafyeka matete yote ya chini. Mzee Kongoni naye akafyeka, maana wote walikuwa wanafyeka.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Pwaa! Pande la pili likaanguka, kubwa kuliko la kwanza.

"Mnaona?" alisema Mama Mwamvua. "Kiboko alikuwa na mwenziwe!"

Akaenda, akarudi, anaimba. Nani kala njia yetu? Nani? Akatazama, akamwona Fisi-maji anateleza kwenye tope la ukingo, anatumbukia, anapanda, anateleza tena, na kicheko juu.

"Wewe! Unacheka nini?"

"Nacheka tu, mama. Maji yananitekenya."

"Mtu hacheki bure. Njia inaliwa, wewe unacheka?"

Akapiga yowe. Fisi-maji akahamishwa, naye akapelekwa kona ya juu. Vichaka alivyokuwa akichezea vikafyekwa vyote, visije vikamficha mwingine.

Mvua ya pili ikanyesha. Pwaa! Pande la tatu likaanguka. Sasa njia ilibaki nyembamba, mtu na mzigo wake anapita ubavuubavu.

Akaenda, akarudi, anaimba. Nani? Akatazama chini ya mikuyu, akaona mashimo. Mlangoni mwa shimo moja amekaa Bibi Kaa, kizee wa watu, anaota jua.

"Haya, leo sina haja ya kuuliza. Mashimo haya ya nani?"

"Yangu, jirani, na ya mama yangu, na ya bibi yangu. Tumechimba hapa toka mikuyu hii ni miche, na njia ilikuwapo."

"Kwa hiyo ni wezi wa ukoo!"

Akapiga yowe. Bibi Kaa akabebwa kwenye ungo mpaka kona ya juu. Mikuyu ikakatwa, na visiki vikang'olewa, ili asirudi mtu kujichimbia humo.

Mama Mwamvua akasimama, mikono kiunoni. Ukingo ulikuwa mweupe kama kichwa kilichonyolewa. Mtu aliweza kuona toka kona mpaka kona. Tete lililobaki lilikuwa kishungi kimoja tu nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Hilo alikataa lisiguswe, kwa sababu aliwashuku majirani kuwa wanataka kuchungulia uani kwake.

"Sasa," alisema, "hata panzi hawezi kuruka hapa nisimwone."

Jamaa zangu, masika yakaingia.

Mto ukaja mwekundu, umebeba magogo. Mama Mwamvua alikuwa palepale ukingoni, macho makavu, anamvizia mwizi wake. Akaona udongo unalamba maji, maji yanalamba udongo. Hakuna meno. Hakuna kucha. Pande likaanguka, na jingine, na jingine. Akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Na bado akauliza, "Wamejificha wapi?"

Shaka ikikomaa, wenzangu, haioni hata kilicho mbele ya pua.

Njia ikakatika. Palipokuwa na njia pakawa na maji marefu, na juu yake mwamba mtupu usiopandika. Na upande wa pili wa maji, pale kona ya juu, akatokea Mwamvua, amelowa, kajishika kiuno.

"Mama! Mama wee! Uchungu umenianza!"

"Mwanangu! Usisogee! Ngoja nije!"

Angekuja wapi? Alirukaruka ukingoni, akaenda huku, akarudi kule. Maji hayakumsikiliza.

Mlango wa kibanda ukafunguka kule ng'ambo. Akatoka Bi Kiboko. Nyuma yake akatoka Fisi-maji. Nyuma yao akatoka Bibi Kaa, mwendo wake wa upandeupande.

"Mwacheni!" Mama Mwamvua alipiga kelele. "Msimguse mwanangu!"

"Tumwache anyeshewe?" aliuliza Bi Kiboko. Akamshika Mwamvua mkono, akamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Ole wake Mama Mwamvua! Alikaa juani na mvuani, macho kwenye mlango ule. Ukatoka moshi. "Wanapika nini?" Fisi-maji akakimbilia maji, akarudi na mtungi. "Maji ya nini yote hayo?" Bibi Kaa akachungulia nje, akagonganisha magando yake, akarudi ndani. "Magando! Magando kwa mwanangu! Wanalipa kisasi!" Akalia mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyemjibu, maana mle ndani walikuwa na kazi.

Mara akasikia sauti nyembamba, kali, yenye hasira. Sauti ya mtoto mchanga.

Fisi-maji akatoka nje anaruka. "Mama Mwamvua wee! Ni msichana! Mama mzima, mtoto mzima! Kitovu amekata Bibi Kaa kwa gando lake, na Bi Kiboko amemkanda mzazi!"

Mama Mwamvua akakaa chini kwenye tope. Furaha ilimjaa, na haya ikamjaa zaidi. Wale aliowafukuza ndio waliompokea mjukuu, na yeye, mwenye kitanda na kuni na unga wa mtama, amesikia kilio tu.

Akarudi nyumbani kichwa chini. Kufika uani, akasimama. Mto ulikuwa umepiga pale pia, tena kwa nguvu zile zile. Lakini ukingo wa nyuma ya nyumba yake ulikuwa mzima, haujamong'onyoka hata tonge moja. Pale penye kile kishungi cha matete.

Akashika tete moja, akavuta. Halikutoka. Akavuta kwa nguvu zote, likatoka na bonge la udongo, na mizizi imeukumbatia udongo ule huku na huku.

Miiba yake ikalala. "Kumbe," alisema, "mlinzi alikuwa ni huyu, na mimi ndiye niliyemfyeka."

Kesho yake akasimama ukingoni, akapaza sauti. "Bi Kiboko! Fisi-maji! Bibi Kaa! Nimewakosea. Niliwaita wezi nanyi hamkuiba."

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Kisha Bi Kiboko akajibu, "Msamaha tumeusikia, Mama Mwamvua. Ila njia haijengwi kwa msamaha. Shika jembe."

Akashika jembe. Kijiji kizima kikaanzia chini, wale watatu wakaanzia juu. Wakapigilia vigingi vya mkuyu mbichi miguuni mwa ukingo. Wakasuka fito kati ya vigingi. Mzee Kongoni akabeba mawe mpaka akasahau uzee, wakayajaza nyuma ya fito. Na juu yake Mama Mwamvua akapanda mashina ya kishungi chake, moja moja, mpaka uani kwake pakabaki peupe, kila mpita njia anachungulia. Akawaacha wachungulie.

Lakini matete hayaharakishwi, wala mkuyu hauamrishwi. Mwamvua alimaliza arobaini yake kule kule kona ya juu, akarudi kwa mumewe na mtoto mgongoni. Bibi yake akamwona mtoto kwa mbali tu, kama kifurushi. Zikapita vuli tatu. Yakarudi masika, mto ukaja mwekundu, ukapiga, ukapiga. Vigingi vilikuwa vimechipua. Ukingo ukashika. Maji yalipopungua, wakalaza udongo juu, wakashindilia, njia ikafunguka.

Mwamvua akashuka. Mbele yake anatembea binti mdogo, kamshika Bi Kiboko, maana huyo alizoea kupanda kuwatazama. Mama Mwamvua akatupa jembe, akakimbia, mikono wazi.

Mtoto akasimama. Vimiiba vyake, laini bado, vikasimama kimoja kimoja. Akajificha nyuma ya mguu wa Bi Kiboko.

"Nani huyu?" aliuliza. "Mbona ananikimbilia?"

Hata Fisi-maji hakucheka.

Mama Mwamvua akapiga magoti kwenye njia mpya, machozi yanamtiririka. Akasema, "Mimi ni bibi yako. Mimi ndiye niliyekula njia. Ndiyo maana hunijui."

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya. Ukingo hushikwa na mizizi, na kijiji hushikwa na majirani. Anayefyeka vyote viwili ili amwone mwizi, ataona mbali sana, lakini hatakuwa na pa kupita.

Hadithi yangu imefika mtoni, nami nageuzia hapa. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nitajua pa kuimwaga.