Salamu Kutoka Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, farasi walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, Mfalme Simba alitoa amri: "Nataka mbegu bora tu! Farasi atakayeandikishwa ndiye atakayezaa. Wengine wahamie malisho ya bondeni."

Kazi ya kuchagua na kuandikisha akapewa Fisi.

Kila mwaka Fisi alipita na daftari lake na fimbo ya kupimia. Huyu mkia mfupi! Huyu kwato mbovu! Walioshindwa aliwaongoza mwenyewe bondeni, mmoja mmoja, mpaka vumbi likawameza. Hakuna aliyerudi hata kusalimia.

Kivumbi, mume wa Mama Pindo, aliondoka hivyohivyo. Mkewe aliendelea kupika uji wa watu watatu, kisha kumwaga uliobaki.

Sasa ikafika zamu ya Pindo, binti yao wa pekee, aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi kidogo.

"Usilie, mama," alisema Pindo. "Huenda huko nikamwona baba."

Mama Pindo alitoka nje, akalia karibu na kichuguu alimoishi jirani yake, Nguchiro, kijinyama kidogo chenye macho yasiyotulia.

"Mama Pindo," Nguchiro alimwita kwa sauti ya chini, "kesho nikisema neno, usinikatize."

Asubuhi uwanja ulijaa. Simba aliketi juu ya jiwe. Fisi akampima Pindo, akaangua kicheko.

"Hii-hii-hii! Mguu mfupi! Bondeni!"

Chup! Nguchiro akarukia katikati ya uwanja.

"Mtukufu, nimekuja na salamu! Jana nilikuwa bondeni. Kivumbi na wenzake wanakualika karamu leo hii."

Moyo wa Mama Pindo ukapiga du, du, du. Yu hai! Mume wangu yu hai!

"Karamu?" Simba akajilamba. "Haya, twendeni sote!"

"Usiende, Mtukufu!" Fisi akapiga kelele. "Huyu mwongo! Hakumwona Kivumbi!"

"Nimemwona. Amenenepa."

"Hujamwona!"

"Ameniambia uache kumsumbua."

"Angekuambiaje, na mimi mwenyewe nilimtafuna mpaka kwato?"

Uwanja mzima ukamgeukia Fisi.

Fisi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini neno lilikwisha toka.

Simba akanguruma, ngurrr! Fisi akatimua mbio, Simba nyuma yake, na huko vichakani kikasikika kilio kimoja tu.

Farasi wakashangilia. Wakalichana daftari la Fisi, wakaivunja fimbo yake, wakambeba Pindo juujuu. Mama Pindo peke yake alibaki amesimama palepale.

Nguchiro akamsogelea polepole.

"Ulinidanganya," alisema Mama Pindo. "Nilimpata mume wangu, halafu nikampoteza tena."

"Nilimdanganya Fisi, Mama Pindo. Wewe ulikuwa umesimama karibu."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia, ungelia, na Fisi angekuona."

Mama Pindo alijua ni kweli. Alimtazama binti yake akicheka juu ya migongo ya wenzake, mguu ule mfupi ukining'inia, naye bado hajaelewa kwamba hana baba. Akavuta pumzi, akaenda kumwambia.

Basi wanangu, mkimsikia mtu anachagua nani anafaa kuzaa, muulizeni kwanza wasiofaa anawapeleka wapi.