Mkono Usiume

Wahenga walituachia methali isemayo: Kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba asiyejua jambo akauliza hapungukiwi na kitu, bali yule anayefunga mdomo kwa kuogopa kuchekwa ndiye huishia kuchekwa na mtaa mzima. Fundi cherehani mmoja aliisikia methali hii tangu utotoni na aliikubali kabisa, ila aliamini kwamba ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Fundi huyo alipachikwa jina la Kamusi, kwa sababu hakuna swali lililomshinda kujibu, liwe la tiba, la sheria au la hali ya hewa. Kuuliza ndiko kulikomshinda. Siku moja alikosea nyumba ya msiba, akaketi na wafiwa asiowajua, akalia nao mpaka jioni, eti aliona haya kuuliza ni nani aliyefariki. Mkewe alipomweleza kwamba rafiki yake alikuwa akizikwa mtaa wa pili, Kamusi alijibu bila kupepesa macho, "Kilio ni kilio."

Binti yao wa pekee alikuwa amechumbiwa na kijana fundi majokofu, mpole na mwenye adabu zake. Kijana alikimwaga Kiswahili kama maji, lakini mama yake aliyemlea peke yake alijua Kiajemi tu. Mama huyo alikuwa anakuja kuwaona wakwe zake kwa mara ya kwanza, na kijana alikwisha kusema waziwazi kwamba bila baraka za mama yake hataoa.

"Baba, nakuomba," binti alimsihi, "tumpokee vizuri. Asipotupenda, mimi sina ndoa."

"Ondoa shaka, mwanangu," Kamusi alisema. "Nitamshonea mama huyo gauni la kuvaa harusini kwa mikono yangu mwenyewe. Tena nitampima kwa lugha yake."

Masomo yakaanza katika chumba cha kushonea. Kijana alikuwa akitaja, na Kamusi akiandika kila neno kwenye kipande cha kitambaa na kukibana kwa pini juu ya sanamu la kujaribishia nguo. *Dast*, mkono. *Gardan*, shingo. *Sine*, kifua. Sanamu halikuwa na kichwa, hivyo likavikwa sufuria ili *sar* na *cheshm*, yaani kichwa na jicho, vipate pa kukaa. Kamusi alidai hata *jegar*, yaani ini, ingawa haijapata kuonekana nguo inayoshonewa ini. Mwisho alijifunza *dard*, maumivu, endapo pini ingemchoma mgeni kwa bahati mbaya.

"Sasa, Baba, tuingie kwenye sentensi," kijana alisema. "Wenzetu wana misemo mingi ya viungo vya mwili. Halafu kuna hii *na*, inahitaji uangalifu."

"*Na* nimeijua tangu nanyonya," Kamusi alimkata kauli. "Ninashona, unasema, mkono unauma. *Na* ni *na*. Hapo hakuna la kuuliza."

Kijana akaliacha hapo. Mkwe habishiwi.

Siku ya siku ikawadia. Mgeni alikuwa mama mrefu mwenye macho ya ucheshi. Kamusi alimpokea mkoba wake mlangoni, naye mgeni akainamisha kichwa na kusema, "*Dastetun dard nakone.*"

Kamusi akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Wakati huo kijana na binti walikuwa wanageuka kurudi stendi, kwa kuwa begi moja lilisahaulika huko. "Mkikwama neno lolote, nipigieni simu," kijana alisema, wakaondoka.

"Mke wangu," Kamusi alinong'ona, "mgeni ana mkono mgonjwa. *Dast*, mkono. *Dard*, maumivu. Na ile *na* ni hii hii yetu: unauma!"

"Mbona ameubeba mkoba vizuri tu? Hebu mpigie kijana umuulize."

"Nimuulize nini, na nimesikia kwa masikio yangu mawili?"

Akamletea mgeni mto wa kuegemeza mkono. Mgeni akatabasamu: "*Dastetun dard nakone.*" Akamletea maji ya moto ya kukanda. "*Dastetun dard nakone!*" Kadiri alivyomhudumia ndivyo maumivu yalivyozidi. Kamusi akachana kitambaa cha bitana, akamfunga mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mgeni akaweka mkono wa pili kifuani kwa heshima, akarudia maneno yale yale, na Kamusi akaona kwamba sasa hata kifua kimeingia maumivu. Nacho akakizungushia bitana.

Alipomwashiria akae kitini, mgeni alijibu kwa unyenyekevu, "*Cheshm.*"

"Jicho!" Kamusi alimaka. Jicho la kulia likafunikwa.

Mgeni alimtazama mke wa Kamusi kwa jicho lililobaki. Huyo hakuwa na neno hata moja la Kiajemi, hivyo akatabasamu kwa aibu. Tabasamu hilo mgeni akalichukua kuwa uthibitisho. Akanyoosha mgongo, akatulia kama mtu aliyekalishwa kwenye sherehe nzito, maana mgeni mwema hakatai desturi za mwenyeji wake.

Mlango ukafunguliwa. Binti akaingia na kumwendea mgeni kumwamkia. Mgeni akamvuta kwa mkono wake mzima, akampapasa shavu na kusema kwa sauti iliyojaa upendo, "*Jegaram!*"

Kamusi akashika kichwa. "Ini! Mkono, kifua, jicho, na sasa ini!" Akamgeukia kijana aliyesimama mlangoni na begi lake. "Mama yako yu taabani, nawe umetuficha! Nyumba inayoficha ugonjwa inaficha mangapi mengine? Simtoi binti yangu. Ndoa hakuna!"

Binti aliangua kilio. Kijana alitupa begi, akapiga magoti mbele ya mama yake, wakasemezana haraka haraka. Aliposimama, midomo ilikuwa inamcheza na haikujulikana kama atalia au atacheka.

"Baba," alisema, "mama anauliza, hapa kwenu mgeni hufungwa vitambaa kwa muda gani? Anasema hana haraka, ila jicho linawasha."

Kamusi akautazama mkono alioufunga bitana.

"Mama ni mzima wa afya," kijana aliendelea. "Alikuwa anakushukuru. Sisi mtu akitutendea wema tunamwambia: mkono wako usiume. Ile *na* yetu inakanusha, Baba. Na *cheshm* si jicho linalouma. Ni kusema, ulivyotaka ndivyo nitakavyofanya."

"Hilo la ini hata mimi nimelielewa," mke wa Kamusi alidakia. "Wewe uliponichumbia ulikuwa ukiniitaje?"

Kamusi akatazama vidole vya miguu yake. "Nyonga mkalia ini."

"Nilikuwa naumwa?"

Wote wakacheka isipokuwa binti. "Baba," alisema huku akifuta machozi, "ulikuwa tayari kunivunjia ndoa kuliko kuuliza swali moja?"

Maneno hayo yalimkata Kamusi maini, na safari hii ini lilikuwa lake mwenyewe. Alimpenda binti huyo kuliko sifa zake zote, na alijionea aibu kweli. Akamgeukia kijana.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "nikitaka kuomba radhi, nasemaje?"

"*Bebakhshid.*"

Kamusi akapiga goti na kulitamka, huku akifungua bitana taratibu. Mgeni akacheka mpaka machozi yakamtoka kwa macho yote mawili. Kisha akasema maneno marefu, na kijana akayafasiri: "Mama anasema, kama mtu mzima wa afya mmemuuguza hivi, basi siku mimi mwanawe nikiugua kweli nitakuwa mikononi mwa watu wema. Ametoa baraka zake."

Siku ya harusi mama mkwe aling'ara ndani ya gauni lililomkaa sawasawa. Alimwendea Kamusi mbele ya wageni wote, akainamisha kichwa: "*Dastetun dard nakone.*"

Watu wa mtaani walingoja kumsikia Kamusi akimwaga ujuzi wake. Yeye akamgeukia bwana harusi na kuuliza kwa sauti, kila mtu akisikia, "Hapa hujibiwa nini?"

"*Saretun dard nakone*, Baba. Kichwa chako kisiume."

Akajibu hivyo hivyo, mgeni akapiga makofi, na binti akamkumbatia baba yake kwa nguvu hata kilemba cha bibi harusi kikaenda upande. Mke wa Kamusi aliwainamia majirani waliokuwa wameduwaa, akawaambia, "Kaulizeni popote: kuuliza si ujinga."